Safari Fupi ya Anania



Tarehe 25 Januari kila mwaka Kanisa letu huadhimisha Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo. Habari yenyewe imo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 9, na hakuna mtoto aliyepita darasa la Kipaimara asiyeijua: mwanga kutoka mbinguni, Sauli kuanguka chini, sauti, kisha upofu wa siku tatu. Zamani tulipokuwa tukifundisha dini, tulizoea kuwauliza wanafunzi, "Katika habari hii ni nani aliyehitaji ujasiri?" Darasa zima hujibu, "Sauli!" Nasi huwaambia wafungue tena Biblia na kusoma polepole. Sauli hakuhitaji ujasiri siku ile. Yeye aliangushwa, akashikwa mkono, akaongozwa mjini kama mtoto. Aliyehitaji ujasiri ni mtu mwingine, ambaye wengi wetu humpita haraka kwa vile tunakimbilia kwa Paulo. Jina lake ni Anania, mwanafunzi wa Bwana aliyekaa Dameski.

Mtu huyu twapenda tumtazame mwezi huu, maana twaona anafanana na sisi kuliko Paulo anavyofanana na sisi. Katika mlango wa 22 wa kitabu hichohicho Paulo mwenyewe anamweleza. Anasema alikuwa mtu mcha Mungu, mwenye kuishika Sheria, tena Wayahudi wote wa mji ule walimshuhudia mema. Basi alikuwa na jina zuri. Alikuwa na nyumba yake na majirani waliomsalimu kwa heshima. Kwa maneno ya kwetu tungesema alikuwa mzee wa kanisa mwenye kiti chake, mtu ambaye akichelewa Jumapili watu huulizana kama anaumwa. Mahali pake palikuwa pema, na hatusemi kwamba alikosa kwa kupapenda. Ni vizuri tuelewe hivyo tangu mwanzo. Mara nyingi wahubiri husema kana kwamba mtu aliyetulia mahali alipopazoea ni mvivu au hana imani. Si kweli. Yale yanayotushika ni mema kwa kawaida: nyumba, jina, lugha yetu, watu wetu, utaratibu wa siku zetu. Ndiyo sababu kuyaacha hata kwa saa moja ni kazi ngumu.

Sasa Bwana alimtuma wapi? Alimwambia katika maono aende kwenye njia iitwayo Nyofu, nyumbani mwa mtu mmoja jina lake Yuda, aulize habari za mtu wa Tarso aitwaye Sauli. Njia hiyo ipo hata leo katika mji wa kale wa Dameski. Imepita mjini toka mashariki kwenda magharibi, na maduka yapo huku na huku. Anania, basi, hakutumwa Roma. Hakuambiwa auze shamba wala aage ndugu zake wala atafute chombo cha kuvukia bahari. Aliambiwa atoke mlangoni pake aende njia nyingine ya mji uleule, njia ambayo yamkini alikuwa amepita mara nyingi akienda sokoni. Ni safari ambayo mtu huenda bila mfuko wala fimbo. Na hiyo ndiyo iliyomtetemesha.

Anania akabisha. Alimwambia Bwana kwamba amesikia habari za mtu huyu kwa watu wengi, mabaya aliyowatenda watakatifu kule Yerusalemu, na kwamba hata hapa amekuja na amri ya makuhani wakuu ya kuwafunga wote waliitiao jina lake. Haya hayakuwa mambo ya kuwaza tu. Stefano alikuwa amekwisha kuuawa kwa mawe, na nguo za waliomwua ziliwekwa miguuni pa Sauli. Anania alikuwa na sababu zote. Wazee wetu wana methali wanayoitoa kwa vijana wenye vichwa vigumu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ina akili ndani yake na hatuwezi kuidharau. Imewaokoa watu wengi. Mtu wa Dameski mwaka ule angeweza kuisema na kubaki nyumbani, wala hakuna jirani ambaye angemlaumu.

Lakini tazameni: Bwana hakumkemea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Musa pale penye kijiti na visingizio vyake vyote, na kama alivyomsikiliza Yeremia aliyesema kwamba yeye ni mtoto tu. Wala hakumwambia kwamba hofu yake ni dhambi. Alilirudia neno lilelile: nenda. Kisha akamweleza kwa nini. Na Anania akaenda. Maandiko hayasemi kwamba hofu ilimwondoka kwanza. Hayasemi kwamba alifunga siku saba akingoja kujisikia na nguvu. Yanasema akaenda, akaingia ndani ya nyumba.

Hapo tunaomba ruhusa ya kusema jambo moja la kazi yetu ya zamani. Kwa miaka mingi tulikuwa wakufunzi katika chuo cha ualimu, na kila mwaka, wiki ya mazoezi ya kufundisha ilipokaribia, wanachuo walitujia ofisini mmoja mmoja. Walikuwa na andalio la somo lililoandikwa vizuri, zana zimechorwa, chaki mfukoni. Lakini mikono ilitetemeka. Walituuliza, "Mwalimu, nitaingiaje darasani nikiwa hivi?" Walidhani wale wenzao waliocheka uani hawatetemeki. Walidhani kuna dawa ambayo wakufunzi tunaijua na tunawanyima. Nasi tuliwajibu siku zote namna moja: hakuna aliyepata kuacha kutetemeka akiwa nje ya mlango. Ingia, wasalimu watoto, geuka ubaoni, andika tarehe. Ukisha kuandika tarehe, andika somo. Mkono utatulia wenyewe, na kama hautatulia leo utatulia kesho. Tuliwaona wengi wakitulia. Wachache waliomwomba mkuu wa chuo awaahirishie mpaka wapate moyo, walikuja muhula wa pili wakitetemeka zaidi.

Twaamini Mungu naye hufanya vivyo hivyo na watoto wake. Watu wengi husali, "Bwana, nipe ujasiri, kisha nitakwenda." Ni sala ya kweli, lakini imepanga mambo kinyume cha yale tuyaonayo katika Biblia. Maji ya Yordani yalisimama, twasoma katika Yoshua mlango wa 3, pale nyayo za makuhani zilipoyagusa. Makuhani waliobeba sanduku la agano walishuka ukingoni huku mto ukiwa umefurika.

Sasa na tuutazame mfano mmoja wa Kanisa letu la Kianglikana hapa Afrika, wa mtu ambaye aliivuka mipaka kwa miguu yake mwenyewe. Yeye ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Jina hilo la Kivebulaya lilikuwa la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kulivaa. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uleule akapelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Huko Toro kazi ilikuwa njema. Mfalme Kasagama aliipokea Injili, akabatizwa mwaka 1896. Mwalimu aliye na mfalme upande wake ataka nini tena? Angeweza kukaa pale mpaka uzee wake, akajenga makanisa, akaheshimiwa, wala hakuna ambaye angesema hakumtumikia Mungu.

Lakini mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alivuka kwenda ng'ambo ya mto Semliki, kwenye nchi ya Mboga, ambayo leo imo katika Kongo. Walimu waliomtangulia huko walikuwa wamekwisha kuondoka. Chifu Tabaro hakumtaka. Aliwakataza watu wasimpe chakula, akijua kwamba mwalimu mwenye njaa hurudi kwao. Apolo akatwaa jembe akalima mwenyewe. Halafu likatokea jambo baya zaidi. Dada yake chifu aliangukia mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa kwamba ni yeye aliyemwua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Fort Portal kama mhalifu.

Katika siku za mateso hayo, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Tumelifikiria sana jambo hili. Kule Toro, kwa mfalme, penye chakula na watu wa kumsikiliza, hatusikii kwamba alipewa maono kama hayo. Aliyapewa akiwa ng'ambo, amekwisha kupigwa. Kama angengoja kuyaona kwanza ndipo avuke Semliki, angengoja mpaka kufa kwake.

Na alipoachiliwa alirudi. Tunasema hilo upesi, lakini msomaji afikiri kidogo. Alirudi kwa watu walewale waliomfunga kamba. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo akawekwa kuwa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni. Tena, kwa faida yetu sisi wastaafu, hebu tuhesabu. Alipoanza kuingia msituni kwa Wambuti, wale watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda, ilikuwa yapata mwaka 1921. Alikuwa anakaribia miaka 60, umri ambao serikali yetu humwambia mtu akapumzike. Yeye alikuwa anajifunza kukaa chini ya miti na watu ambao majirani zao waliwadharau, na ambao hawakuwa na sababu ya kumwamini mtu yeyote atokaye nje.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza kwamba akizikwa, kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako Injili ilikuwa haijafika. Mashariki ndiko kulikokuwa kwao, Buganda, ndiko walikokuwa ndugu zake na makaburi ya baba zake. Kule Mboga, ambako watu walikatazwa kumpa chakula, Dayosisi iliundwa mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi ile wakawa Jimbo lao wenyewe.

Yamkini mtu atasema, "Haya, huyo alikuwa Apolo. Sisi tuna watoto wa kulipia ada." Neno hilo ni la haki, na tusingependa kulijibu kwa haraka, kwa maana siku hizi tunaona hatari upande wa pili. Wapo wahubiri wanaozunguka, wengine kwa vipaza sauti na wengine kwenye simu, wanaowaambia watu wachukue hatua ya imani: acha kazi, uza kiwanja, leta fedha madhabahuni, ingia ng'ambo utakutana na baraka yako. Tumewaona waliouza. Baadhi yao wamekuja kwetu kuomba nauli. Hao hawakukosa ujasiri, walikuwa nao mwingi kupita kiasi cha watu wa kawaida. Yona naye alikuwa nao. Alitoka nyumbani, akashuka Yafa, akalipa nauli ya merikebu kwenda Tarshishi, nchi asiyoijua. Kama kuondoka pale ulipozoea ndiyo imani, basi Yona angekuwa baba wa imani kabla hajamezwa na samaki.

Tofauti ni ipi? Sisi twaiona hivi. Bwana alipomtuma Anania alimtajia njia, mwenye nyumba, na jina la mtu. Alimtuma kwa mtu. Hakumtuma kwa baraka yake mwenyewe, wala hakumwahidi kwamba akirudi atakuta mambo yake yamenyooka. Kwa kweli baada ya siku zile Anania hatajwi tena akifanya neno lolote. Katika nyaraka zote za Paulo jina lake halimo. Alikwenda, akaweka mikono juu ya kipofu, akambatiza, akarudi kwake. Mtu anayesikia moyoni mwake kwamba anatumwa, ajiulize: ni nani anayeningoja huko niendako? Kama jibu ni jina la mtu mwenye shida, au mtu ninayemkwepa, inafaa kusikiliza. Kama jibu ni mimi mwenyewe nikiwa na gari, inafaa kukaa kwanza na kumwuliza Padre.

Wako na wengine ambao hawawezi kutoka. Yuko mama katika mtaa wetu, na mitaa yote ina mama kama huyo, anayemwuguza mume wake mwaka wa sita huu. Tusimhubirie habari za kuvuka mito. Yeye hupita kila usiku mahali ambapo wengi wetu hatujapata kufika.

Tena tuangalie jambo moja ambalo Bwana alimweleza Anania kwa habari ya Sauli. Hakuanza kwa kumwambia kwamba mtu yule amekuwa mwema. Alimwambia kwamba yumo ndani, anasali. Anania alikuwa na picha yake ya Sauli: barua za makuhani mkononi, askari nyuma, kamba za kufungia watu. Kumbe saa ileile Sauli alikuwa amekaa gizani siku ya tatu, hajala wala hajanywa, anamngoja mtu atakayebisha hodi. Hofu ya Anania ilikuwa na sababu, lakini ilikuwa imepitwa na siku tatu.

Hilo tulilielewa zaidi kwa ajili ya jambo tulilolishuhudia miaka ya 1990, tulipokuwa tukifundisha katika mkoa mwingine, mbali na hapa. Mweka hazina wa kanisa dogo tulilokuwa tukisali alitumia fedha za mfuko wa mabati. Hazikuwa nyingi kwa hesabu ya benki, lakini zilikuwa za mayai, za ndizi, na za vibarua vya misimu miwili. Alishtakiwa akafungwa, akamaliza kifungo chake akarudi. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kanisa, hatua kama mia tatu hivi. Hakuna aliyemtukana. Watu walibadili njia tu. Waliokuwa wakipita mbele ya uwanja wake kwenda kisimani wakaanza kupita juu, kando ya shule, na baada ya miezi michache njia ile ya chini ikaota nyasi.

Palikuwa na mama mmoja mjane, wa Umoja wa Mama, ambaye alikuwa ametoa kuku wake watatu katika mfuko ule. Jumamosi moja jioni alikuja nyumbani kwetu. Akasema, "Mwalimu, kesho baada ya Misa nakwenda kwa yule baba. Lakini peke yangu siwezi."

Tukamwuliza, "Utamwambia nini, mama?"

Akajibu, "Sijui. Nitapiga hodi kwanza."

Basi Jumapili tukafuatana naye. Mama amebeba kikapu cha unga na mboga, sisi tumebeba Biblia ambayo hatukuifungua. Wazee wawili wa kanisa walisimama kwenye ngazi wakitutazama mpaka tukageuka kona. Tuseme kweli, koo lilikuwa limekauka, na hatua mia tatu zile zilikuwa ndefu kuliko maili tulizozoea kutembea tukienda kukagua wanachuo vijijini. Mama akapiga hodi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu mlango ukafunguliwa nusu.

"Shikamoo, kaka," mama akasema. "Tumekuja kukuona."

Alitutazama kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye hajaitumia sauti yake siku nyingi. Akatoa benchi nje. Tulizungumza habari za mvua na za ugonjwa wa mihogo. Habari za fedha hazikutajwa na mtu yeyote. Tulipoinuka kuaga ndipo alipotuambia kwamba kila Jumapili tangu alipotoka kifungoni alikuwa akisikia kengele zote. Alijua ya kwanza na ya pili, na ilipolia ile ya mageuzo, alipiga magoti chumbani mpaka alipohesabu kwamba watu wamekwisha kukomunika.

Hatutaki msomaji adhani kwamba mambo yalinyooka baada ya hapo. Mama alirudi tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Mtu yule alikaa miezi mingine miwili kabla hajaingia kanisani, akakaa nyuma, karibu na mlango. Fedha alirudisha kiasi, hakurudisha zote, na mabati yalichelewa. Mmoja wa wale wazee wawili hakumpa mkono wakati wa Amani mpaka sisi tunahamishwa, na hatukuona kwamba ni kazi yetu kumhukumu mzee huyo, maana yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya fedha zile. Lakini njia ya chini ilisafishwa nyasi. Wanawake wakaanza tena kupita pale na ndoo zao.

Siku moja tulimwuliza mama yule kama hakuogopa. Akacheka, akasema, "Mwalimu, nilitetemeka mpaka aliposema marahaba."

Anania alipoingia katika nyumba ya Yuda, neno lake la kwanza kwa Sauli lilikuwa kumwita ndugu. Sisi tuliokua katika nchi hii miaka ile ambapo kila mtu aliitwa ndugu, kuanzia Rais hadi mfagiaji, pengine hatulisikii tena uzito wake. Tunalisema kama tunavyosema bwana na bibi. Anania hakulisema hivyo. Aliyekaa mbele yake alikuwa ametoka Yerusalemu kwa nia ya kumfunga. Haiandikwi kwamba alikuwa amelitayarisha neno hilo nyumbani, wala katika maono Bwana hakumfundisha aseme hivyo. Sisi twafikiri alilipata palepale kizingitini, akiwa amemwona mtu mwenyewe, macho yamefungika, uso umekonda kwa njaa. Nyumbani kwake, akiwa amekaa katika hofu yake ya haki, asingeweza kulipata hata angesali usiku kucha.

Sasa tumalizie na jambo la hapa kwetu. Halmashauri ya Kanisa ilikubaliana wakati wa Majilio kwamba katika Kwaresima ya mwaka huu Wakristo watoke wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake, kwenda katika nyumba za wale tusiowaona tena kanisani. Katekista ametengeneza orodha kutoka daftari la washiriki. Wamo wagonjwa na wazee wasioweza kupanda kilima. Wamo vijana wetu wa pikipiki wanaokaa pale njia panda, ambao tuliwafundisha Katekisimu sisi wenyewe na sasa tunawapita tukiangalia upande mwingine. Wamo pia wawili watatu ambao tuligombana nao, na kila mtu anajua ni kwa ajili ya nini. Hakuna haja ya kuchukua hotuba. Inatosha kujua kupiga hodi.

Daftari la kujiandikisha liko juu ya meza ya katekista, karibu na mlango wa sakristia, na litakaa pale mpaka Jumatano ya Majivu. Mpaka tunaandika maneno haya waliojiandikisha ni wachache, na karibu wote ni vijana wa kwaya. Sisi wastaafu tumetoa udhuru wa magoti. Ni kweli yanauma, hasa asubuhi. Tumeitazama orodha ile nyumba kwa nyumba. Ya mbali kabisa iko ng'ambo ya mto, nayo imekwisha kuchukuliwa na vijana wawili. Ya karibu kuliko zote iko nyuma ya ukuta wa kanisa, na mbele ya jina lake mpaka sasa hapajaandikwa kitu.